Tathmini ya Utendaji wa Kimeng'enya

Ninayo heshima kubwa ya kuutangazia umma kwamba, kuanzia robo hii ya mwaka, hakuna chochote katika taasisi yetu kitakachofanya kazi bila kupimwa utendaji wake. Nimesema chochote. Ndiyo maana Jumatatu nilitinga maabara na fomu namba saba, kurasa kumi na moja, kwa ajili ya kimeng'enya.

"Huyu anaripoti kazini saa ngapi?" nikamuuliza mama wa maabara.

"Mzee, kimeng'enya, kile kinachoharakisha kazi za kemikali mwilini, kiko ndani ya ini. Hakiripoti popote."

Nikaandika: mtoro. Kisha nikamweleza, bila kupepesa macho, kwamba asipothibitisha kuwa humu ndani kuna kazi inayofanyika, Jumatatu ijayo bodi itafunga maabara na yeye ataenda nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na watoto watatu shuleni. Akavaa glavu.

Akaponda kipande cha ini, akakitia kwenye testitubu yenye peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda. Lo! Povu likapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Akalipima kwa rula: sentimita tisa kwa sekunde ishirini. Testitubu ya pili haikuwa na ini, na haikufanya lolote.

"Na hii ya nini?"

"Ya kulinganishia, mzee. Ukitaka kujua kama kitu kinafanya kazi, kiondoe, uone kama kazi itasimama."

Jamani, nusura nimkumbatie! Palepale nikatoa waraka: watumishi waondolewe mmoja mmoja, kila mmoja siku yake, na kazi ipimwe. Wazembe wangeumbuka.

Jumanne tulimwondoa mfagizi. Kufika saa sita, vyoo vilikuwa havisogeleki. Jumatano tukamwondoa mlinzi, mwenyekiti wa bodi akaingia kwa kuruka ukuta. Alhamisi zamu ya mama wa maabara: hospitali ya jirani ikapiga simu mara thelathini na nne kuulizia majibu ya damu. Ijumaa, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nilijiondoa mwenyewe. Nikakaa sebuleni, simu mkononi, nikisubiri taasisi ianguke. Simu haikuita.

Jumatatu iliyofuata nikaikuta bodi nzima maabara. Faili mia mbili na sita, zilizolala mezani kwangu tangu mwaka juzi, zilikuwa zimemalizwa Ijumaa kabla ya chakula cha mchana.

"Basi tuseme sifanyi kazi," nikasema kwa unyenyekevu. "Lakini sina madhara."

"Hapana, mzee," akasema mama wa maabara. "Ungekuwa hufanyi kazi tu, kazi ingebaki vilevile. Hii imeongezeka. Kitu cha namna hiyo sisi tunakiita kizuizi."

Mwenyekiti akamwomba arudie polepole, ili katibu aandike. Maabara haifungwi tena. Nami nimekabidhiwa jukumu zito la kisayansi: niendelee kukaa nyumbani, matokeo yasije yakaharibika.