Lambo Langu Lapewa "Hatari Kubwa"

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Kesho Injinia Yusra anakuja kukagua malambo ya watu binafsi. Jirani yangu Awadhi alikuwa akinizidi maji, mpaka nilipoziba mfereji wa kupunguzia maji ya lambo langu kwa viroba vya mchanga. Sasa langu limejaa pomoni! Kasoro ndogo: tuta linavuja chini. Mke wangu Mwaija anasema nimweleze injinia ukweli. Hana maono!

Jumanne, 16 Aprili

Niliweka kiti penye unyevu nikakaa kama chifu. Ukaguzi mzima sikuinuka. Mwishoni injinia akanipa mkono tuagane, nikasimama. Suruali chapachapa! Awadhi alicheka mpaka akashika mti.

Nimepewa hatari kubwa. Nikajitetea kwamba linavuja kidogo tu. Injinia akasema daraja la hatari halitazami kuvuja. Linatazama maji yakitoka yatamkuta nani. Bondeni kuna boma la Meitamei, mfugaji, na mama yake, Bibi Nalotuesha. Akaniagiza nizibue mfereji leo hii.

Nizibue, Awadhi anipite? Thubutu!

Alhamisi, 18 Aprili

Dawa nimeipata. Bondeni pasipo watu, hatari itoke wapi? Nikashuka kumwambia Meitamei kuna chui, ahame upesi. Akanishukuru sana. Akawaita ndugu zake na mikuki waje kulinda. Boma limejaa watu!

Nikamwamkia bibi, "Shikamoo." Akaitikia, akaniuliza, "Semboja mwanangu, yale maji yako huko juu yametulia?"

"Yamelala, bibi."

Akanipa maziwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mchana tuta likakatika. Nilisikia mshindo nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Meitamei na ndugu zake walikuwa malishoni. Bibi alikuwa ndani. Tulimkuta kwenye shamba la Awadhi, tope mpaka kinywani.

Jumapili, 21 Aprili

Tumemzika. Nikawaambia watu ni mvua ya Mungu. Meitamei alinitazama tu, mpaka nikainamisha macho. Mwaija amerudi kwao Kwashemshi. Kesho polisi wananitaka.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimetoka kwa dhamana. Nimepita bondeni. Meitamei amehama na ng'ombe wote. Zimebaki fito na miiba. Nilimlilia bibi, kweli nililia.

Kisha nikapima kwa macho. Tuta jipya, refu kuliko lile. Chini hakuna mtu tena. Injinia akija, atake asitake, ataandika hatari ndogo!