Tanga Lisilo na Vibano Limeniharibia Posa

Halkano Kalla,
Duka la Dawa za Mifugo,
Garsen, Tana River.

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Kiwanda cha Matanga (jina la kiwanda chenu limeliwa na jua, imebaki herufi moja na nusu, lakini nyinyi mnajijua),

KUH: MALALAMIKO JUU YA TANGA LENU JEKUNDU, PAMOJA NA OMBI LA KURUDISHIWA VIBANO

Natumaini barua hii itawakuta wazima, nyinyi na cherehani zenu. Mimi kwa upande wangu si mzima, na kinachoniuguza mmekishona nyinyi.

Nauza dawa za mifugo hapa Garsen. Nina duka, nina adabu, nina meno yangu yote, na ng'ombe wengi wa watu wako hai kwa sababu yangu. Sijitapi, nataka tu muelewe mnamkosea mtu wa namna gani. Ninataka kumwoa Kadra binti Abdinur. Hilo ndilo jambo lenyewe na yote yatakayofuata yanalihusu. Kadra alikuwa akifanya kazi katika nyumba moja ya wageni kule Kipini, ambako mke wa mgeni alimfundisha kusimama juu ya ubao wa kuteleza majini na kushika tanga lenu. Wageni walipoondoka, ndege ilikataa mzigo mrefu kiasi hicho, basi wakamwachia Kadra ubao, mlingoti, tanga na kijitabu chake. Akarudi navyo kwao, kando ya ziwa Shakababo, ambalo tangu mafuriko limepanuka mpaka linajiona bahari. Tangu siku hiyo sijapata kuposa.

Kijitabu nimekisoma, kwa msaada wa kamusi na hasira. Kinasema matanga ya kasi ya zamani yana vibano vya plastiki vinavyozishikiza fito za tanga kwenye mlingoti, na kwamba nyinyi, mkiwa na akili zenu timamu, mmeviondoa vyote. Mnasema tanga hili ni la mtu apendaye kwenda mbio kwa starehe yake tu, bila mashindano na bila taabu. Waheshimiwa, taabu ina kazi yake. Naomba niwaeleze.

1. Linafungwa haraka mno.

Katika ukoo wa Mzee Abdinur, baba yake Kadra, posa haitamkwi mpaka buni zipasuke. Wazee wa upande wa kijana huja alasiri na buni zao, mama wa nyumba huzikaanga kwenye samli, na watu wote hukaa wakizungumzia mvua. Buni zikishapasuka, pu! pu!, harufu ikatanda, baraka imeshuka. Hapo ndipo mzee hukohoa na kusema kilichomleta, na shangazi humwendea binti kumuuliza kama anataka. Kabla ya hapo jina la kijana halitajwi mbele ya binti kwa hali yoyote. Na binti asipokuwepo, watu hula buni, hushukuru na kwenda zao.

Siku ya kwanza alikwenda mjomba wangu Jilo, ambaye amewaposea nusu ya vijana wa Garsen. Samli haijaanza hata kuchemka, migomba ikatikisika kwa upepo. Kadra akatoka kwa adabu. Buni zilipopasuka, yeye alikuwa doa jekundu upande wa kijiji cha Ngao. Mnanielewa? Tanga zima, la kumfunika ng'ombe na ndama wake, lilifungwa, likakazwa, likaingia majini kabla ya buni kupasuka! Lingekuwa na vibano, angekuwa bado amepiga magoti kwenye nyasi akigombana na kibano cha pili, na shangazi yake angemfikia kwa mwendo wake wa kawaida. Mimi leo ningekuwa mume wa mtu.

2. Ni jepesi mno.

Mara ya pili tulijipanga. Mjomba Jilo amepakia mizigo maisha yake yote, na kila kitu duniani hukipima kwa punda. Alilitazama tanga lilivyolazwa nje ya nyumba akatoa uamuzi: "Hii kitu kubwa namna hii, bila punda haiendi mahali." Basi asubuhi nikamwazima punda wa Mzee Abdinur, nikasema nina chumvi ya ng'ombe ya kubeba, nikamficha nyuma ya duka langu. Alasiri wazee wakaketi kwa utulivu wa watu waliokwisha kufunga mlango. Buni zikatiwa kwenye samli. Upepo ukaja. Kadra akatokea nyuma ya nyumba, tanga na mlingoti kichwani (ubao wake hulala ziwani), akapita mbele yao akimsalimu kila mzee kwa heshima: "Wazee, salaam aleikum, msiondoke, narudi saa hii."

Hakurudi saa hiyo. Mjomba hakumlaumu Kadra, aliwalaumu nyinyi, na mimi nikaungana naye. Mngeacha vibano na uzito wake mahali pake, kitu hicho kingehitaji punda, na punda alikuwa kwangu akitafuna maboksi ya dawa ya kupe.

3. Halina sauti.

Mara ya tatu tuliona kwamba kama binti hawezi kukaa nyumbani, basi nyumba itamfuata. Mwaringa, mwenye mtumbwi mkubwa pale Ngao, alikataa mwanzoni. "Mimi nabeba watu, moto sibebi." Akabembelezwa mpaka akakubali. Wakaingia mjomba Jilo, Mzee Abdinur mwenyewe, shangazi yake Kadra, jiko la makaa, sufuria ya samli na buni, wakapigiwa kafi hadi katikati ya ziwa. Mimi kwa mila sikutakiwa kuonekana. Nilikuwa kwenye matete ya ukingoni, nikiliwa na mbu kwa ajili ya mapenzi.

Sasa, kijitabu chenu kinakiri kwamba tanga lenye vibano likigeuzwa hulia, kop! kop!, kila kibano kinapozunguka mlingoti. Nyinyi mkaona hiyo ni kasoro! Mlio huo ungewaambia wazee kwamba binti anakuja kwa nyuma. Tanga lenu lilijigeuza lenyewe, kimya, kama mtu anayejigeuza usingizini. Kadra akawapita mbio, akiwapungia mkono kwa furaha, na wimbi lake likaingia ndani ya sufuria. Buni zote zikapasuka kwa mpigo mmoja. Ndevu za mjomba zikapata samli ambayo hazikuomba.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila mpaka leo watu wamegawanyika. Wako wanaosema buni zimepasuka, basi posa imefunguliwa. Wako wanaosema zimepasuliwa na maji, si moto, basi haihesabiki. Nimeusikia ubishi huo sokoni Garsen, na nimeusikia Kulesa kwa wakulima ambao hawana haja yoyote na harusi yangu. Kwa kuwa jina la mposaji halitajwi, nimelazimika kubisha pamoja nao kana kwamba mambo hayanihusu. Nilibisha vizuri, lakini upande wetu ulishindwa.

Na hapa ndipo penye moto wenyewe: Mzee Abdinur ni mvumilivu, lakini amesema kwamba baada ya mara ya nne hatapokea tena buni zetu. Mara hiyo ya nne ni Ijumaa. Anayefuata ni bwana mmoja wa Hola mwenye gari la Probox.

4. Linasamehe kila kitu.

Mnajisifu kwamba dhoruba ikija, tanga lenu hulegea huko juu, likaachia upepo upite, mpanda ubao asiangushwe. Hivi mmewahi kumfikiria mtu aliyesimama ukingoni akisubiri mtu aanguke? Nimesimama pale alasiri nyingi, nimevaa shati langu zuri, tayari kuruka majini kumwokoa Kadra mbele ya mashahidi. Ni kweli sijui kuogelea, lakini hilo tungelishughulikia wakati wake. Hajaanguka hata mara moja. Viboko wenyewe wamekata tamaa, wamehamia upande wa pili.

5. Linamchekesha.

Hili naliandika polepole. Nimemjua Kadra tangu shule ya msingi. Nimemletea vichekesho vizuri, vingine nimevifanyia mazoezi dukani mbele ya wateja, na yeye hutabasamu tu kwa heshima. Lakini upepo ukilijaza tanga lenu, ubao ukaanza kurukaruka juu ya maji, Kadra hucheka kicheko ambacho ng'ombe wanaokunywa kule malka, ukingoni mwa ziwa, huinua vichwa, maji yakiwatiririka midomoni, wakamtazama. Nami humtazama pamoja nao. Nakiona kicheko kile kinapita, kinakwenda Ngao, kinarudi, kinapita tena, na si mimi niliyekileta. Namwonea wivu kitambaa, waheshimiwa. Inauma sana.

Kutokana na hayo, naomba mfuate hesabu yangu. Anayemtoa binti nyumbani kila alasiri, baba yake akijua, akamrudisha salama akiwa anacheka, kwetu sisi huyo ni mchumba. Tanga lenu linafanya hayo yote. Basi tanga lenu ni mchumba, tena limekuja bila buni, bila mshenga, bila hata kumwamkua Mama Darmi, mamake Kadra. Na kwa kuwa tanga halina wazee wengine duniani isipokuwa nyinyi mliolishona, wazee wake ni nyinyi. Nimelizungusha jambo hili kila upande sijapata njia nyingine ya kulitazama.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mrudishe vibano upesi, vingi iwezekanavyo, vya chuma ikiwa mnavyo, na vyenye kutu vitapendeza zaidi. Ikishindikana, mruhusu tanga lifungwe kengele ya ng'ombe, ambayo nitaitoa mimi dukani kwangu. Ikishindikana hiyo, muusimamishe upepo wa Shakababo kwa muda wa kukaanga buni, kwa maana waliotengeneza kitu kinachosikilizana na upepo kiasi hiki hawawezi kuniambia hawana njia ya kusema nao. Na yote yakishindikana, wakuu wenu wafunge safari hadi Garsen kabla ya Ijumaa, waketi mbele ya Mzee Abdinur na kuiondoa rasmi posa ya tanga lao. Mjomba Jilo atawapokea. Punda wa mizigo yupo.

Nawasilisha haya kwa heshima na kwa moyo uliochoka kusimama ukingoni. Nisalimieni washona matanga wote, yule anayechonga fito, anayeandika vijitabu (mwambieni apunguze maneno), mlinzi wa lango, na watoto wenu wote walio nyumbani. Mjomba Jilo anawasalimu pia, japokuwa kwa ufupi.

Ni mimi niliyekosewa,
Halkano Kalla

Nyongeza baada ya saini: Bahasha nilikwisha kuifunga nikakumbuka sijui tanga lina fito ngapi, na malalamiko bila vipimo hayaheshimiwi. Nikaenda ziwani asubuhi kuzihesabu. Hapakuwa na upepo. Kadra alikuwa akilianika tanga, Mama Darmi ameketi karibu akichambua mchele. Kadra akaniuliza nataka nini. Nilikuwa na majibu kurasa nzima mfukoni, lakini mdomo ukasema peke yake kwamba nataka kumwoa.

Akaketi chini kabisa juu ya tanga lenu. Kumbe alikuwa hajui! Kila mara aliondoka kabla ya buni kupasuka, na kabla ya buni kupasuka hakuna anayemtajia jina. Alijua mjomba Jilo huwaposea watu wengi, akawa amesikia habari za bwana wa Hola, akajumlisha mwenyewe kwamba mjomba anamposea huyo. Waheshimiwa, kasi yote ile ilikuwa ya kuikimbia Probox! "Halkano, si ungekuja mwenyewe uniambie?" akasema. "Na nani aliwaambia mje saa ya upepo?" Mama Darmi akachambua mchele kwa bidii, mabega yakimtikisika.

Kapepo kadogo kalipoamka, Kadra akanionyesha pa kushika. Nilikwenda hatua chache juu ya maji. Nikasikia mtu anacheka kile kicheko nikageuka kumtafuta, kumbe ni mimi, na kwa kugeuka nikaanguka. Kadra akaruka akaniokoa. Nilikuwa nimevaa lile shati.

Ijumaa wazee hawakungoja alasiri. Walikwenda asubuhi, migomba imetulia, na buni zikapasuka juu ya moto bila ubishi wa mtu yeyote. Mjomba alikohoa. Shangazi alipomwendea Kadra, jibu lilimfikia kabla hajamaliza swali.

Kwa hiyo yaliyoandikwa kuanzia namba moja hadi namba tano naomba myaone kuwa ni sifa. Barua naituma hivyo hivyo, maana nimeitolea jasho, lakini ombi limebaki moja tu. Kadra anasema mimi nianze na tanga dogo kuliko lake. Tafadhali lisiwe na kibano hata kimoja, kwa sababu alasiri ikifika mwenzangu hangojei mtu.