Chuma cha Kulisha Bahari

Jumatatu, 3 Novemba 2008
Nimepata! Redio imesema ukimwaga vumbi la chuma baharini, mwani mdogo unanawiri, unameza moshi wa viwanda, dunia inapoa. Na Ulaya wapo wanaonunua moshi uliomezwa! Hili ndilo soko huria. Wenzangu Kariakoo wauze vitenge. Mimi nauza moshi usiokuwepo. Mbio hadi mtaa wa Gerezani kwa Pantaleo, fundi wa kuchomelea. Kanipa viroba vya vumbi, nimempa karai kubwa la mke wangu. Zamzam halihitaji sana.

Jumanne, 4 Novemba
Kumbe analihitaji. Ndilo analokaangia samaki sokoni Feri, na ndilo linalotulisha. Ametangaza: karai lisiporudi kufikia Ijumaa, anarudi kwa mama yake Ilala. Nimemwambia naokoa dunia. Akauliza hiyo dunia itanipikia? Viroba nimevificha Feri, chini ya meza ya kuoshea samaki. Akili hiyo!

Jumatano, 5 Novemba
Jirani yetu Mrisho, wakala wa forodha bandarini, suruali ya mkunjo na kiherehere. Eti wiki iliyopita mataifa yamekutana London, yakakubaliana chuma kisimwagwe baharini, isipokuwa kwa utafiti. Nikamuuliza, mbona sikualikwa? Wivu mtupu. Lakini utafiti... Nimeazima koti jeupe la muuza nyama.

Alhamisi, 6 Novemba
Kitwana mwenye boti kauliza mtafiti gani ana damu kifuani. Tukafungua viroba. Lahaula! Maji ya chumvi yametiririkia humo, vumbi lote limegandiana. Mawe ya kutu! Mwani gani utatafuna jiwe? Mrisho alikuwepo, atakosaje. Kacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 7 Novemba
Zamzam kayatazama mawe mara moja tu. Kawapa wavuvi wafanye nanga, wakampa samaki. Samaki kampelekea Pantaleo, karai likarudi. Adhuhuri mafuta yanachemka. Mimi nilikuwa bado naandaa hotuba ya kuomba radhi. Niliporudi nyumbani na kukuta kanga zake bado ziko kwenye kamba, nililia. Kidogo. Nimeapa: mali ya Zamzam siigusi tena.

Jumamosi, 8 Novemba
Redio! Ukirusha maji ya bahari angani, mawingu yanakuwa meupe zaidi, jua linarudishwa lilikotoka. Nimemuuliza Mrisho kijanja. Mkataba wao unakataza kutupa vitu baharini. Mimi sitatupa, nitachota! Mabingwa wa London wamelala. Pantaleo ana pampu. Karai amesema hataki hata kulisikia. Ameulizia jiko. Kesho Jumapili Zamzam haendi Feri, halihitaji sana.