Ombi la Kufungwa Ndani ya Shamba la Mandarine

Butembo, Vulamba, tarehe 14 mwezi wa saba 2001

Kwa Bwana Komanda Mukubwa, Beni
Kopi kwa pasteur wetu, kusudi aombe

Maneno: ombi la kukamatwa, mimi na jamaa yangu yote

Bwana Komanda, wewe uliye Beni na ambaye hatujapata bahati ya kukupokea kati ya miti yetu,

Ninakuandikia kwa heshima yote, nikiwa nimenawa mikono na sabuni. Jina langu ni Hulda Katungu, muke wa Ananie Mathe, yule muzee mwenye shamba la matunda pale mwisho wa Bulengera. Ama niseme vizuri, yule muzee aliyefikiri kwamba ni mwenye shamba. Vipandikizi vya kwanza vya mandarine, yale machungwa madogo matamu, alivileta toka Kayna mwaka wa 1979, amevifunga ndani ya majani ya ndizi yaliyolowana, siku mbili ndani ya kamyo, juu ya magoti yake. Mimi nilikuwa pembeni na mimba ya mutoto wetu wa kwanza. Kila saa alikuwa anauliza kama vipandikizi viko bien. Mimi hakuniuliza.

Katika mwezi wa pili basoda bako balifika pale, makumi ine, pamoja na Adjudant wao. Balisema banakuja siku tatu tu, kulinda matunda, na sisi bakatutoa ndani ya nyumba yetu ya shambani, tukahamia hapa Vulamba. Tunabashukuru. Tangu siku ile hakuna tunda moja lililoibwa na mutu asiyekuwa na bunduki.

Tuliomba sana turuhusiwe kuingia. Mwezi wa tano Adjudant alituonea huruma, akaandika juu ya ubao na makaa: VISITE YA JAMAA, SIKU YA YENGA, SAA NANE MPAKA SAA KUMI, KILA MUTU ACHUME MWENYEWE. Basi tukakuwa bageni. Kila siku ya yenga, nyuma ya ibada, tunavaa nguo za kanisa na kwenda kwa miguu, Ananie na fimbo yake, mimi, binti yetu Ornella, na mujukuu wetu Bénite mwenye miaka ine. Ni matembezi mazuri. Lakini kuko mambo madogo ambayo, ukiyatengeneza, yatafanya visite hii ikuwe mufano kwa Kivu yote. Ninayaandika kwa namba, kwa sababu nimeambiwa bakubwa hamupendi maneno marefu.

1. Juu ya mulango. Kwanza jamaa za bakubwa zinaingia, zile zinazokuja na gari. Sisi tunangoja. Tukifika mbele, soda mwenye daftari anauliza Ananie: «Muzee, unakuya kuona nani?» Siku ya kwanza Ananie alijibu: «Nakuya kuona miti.» Soda akasema: «Miti iko na jina?» Ananie, ambaye ni shemasi na hajui kusema uongo, akaanza kumutajia: mandarine, avoka, maracuja, prune. Soda aliandika yote na kuuliza kama hao bote banakaa hapa tangu zamani. Ninaomba tupewe fomu iliyoandikwa tayari, kusudi bwana yangu asisimame jua lote akitoa ukoo wa mandarine.

2. Juu ya mwenye kutuongoza. Tulipewa soda mumoja mupole, anaitwa Paulin, atuonyeshe shamba. Alifanya kazi yake kwa moyo. Mbele ya mandarine ambazo hazijaiva bado alisimama na kumuambia Ananie: «Papa, hii ni ndimu. Ukikula, tumbo itauma.» Ananie alisema: «Asante, chef.» Ornella alicheka. Juu ya kicheko kile alipelekwa kuchota maji ya jikoni ya kikosi, safari sita, na viatu vya kanisa. Sikatai malipizi, hapana. Ninauliza tu kama kuko bei ya tabasamu, ya kicheko kidogo na ya kicheko cha kusikika, kusudi tujue mbele.

3. Juu ya vitunga. Ubao unasema kila mutu achume mwenyewe, na ni kweli, tunachuma wenyewe. Kila mumoja kitunga kimoja. Wakati wa kutoka, vitunga vinamwangwa juu ya meza. Yale mazuri yanabaki kwa ajili ya serikali. Yale yenye funza yanarudi na sisi nyumbani. Siku moja niliuliza Paulin ni serikali gani inapenda maracuja hivi. Aliangalia huku na huku, akasema: «Mama, mimi pia hapana jua.» Alikuwa na maji ya maracuja kwa kidevu.

4. Juu ya avoka tano zilizokatwa. Nilielezwa kwamba kikosi kinahitaji kuni, na kwamba miti mirefu inaweza kuficha adui. Ni akili nyingi. Lakini adui, Bwana Komanda, anaweza pia kujificha nyuma ya nyumba, nyuma ya kanisa, nyuma ya ng'ombe. Nimelala na wasiwasi kwamba hamujakata bado mulima. Kwa upande wa Ananie, siku ile alivizunguka visiki. Aliweka mukono juu ya kisiki, halafu juu ya kingine, mpaka vyote vitano, kama anavyofanya kanisani akiombea bagonjwa. Kisiki cha tano Adjudant alikuwa amekikalia, basi Ananie alingoja ainuke.

5. Hapa ndipo ninafika kwa jambo lenyewe. Siku ya yenga iliyopita, tarehe 8, Ananie aliona tawi limekauka juu ya mandarine. Mukono wake ulienda wenyewe. Alitoa kile kisu kidogo cha kupandikiza, akakata. Basoda batatu balimurukia. Balipomupapasa bakakuta mandarine moja ndani ya mufuko wa koti. Alikuwa ameifichia Bénite, aliyekuwa na homa na aliyebaki nyumbani. Basi bwana yangu alishitakiwa mambo matatu: kuingia na silaha, kuharibu mali ya jeshi, na wizi. Balimufunga ndani ya kasho. Kasho ile ni stoo ya vyombo, aliijenga yeye mwenyewe na tofali zake. Kama mulango wake ni mugumu hivi, sifa ni za yeye aliyeujenga.

Nilienda kwa Adjudant nikapiga magoti. Akaniambia: «Mama, bwana yako ni mwizi wa matunda ya jeshi.»

Nikasema: «Chef, ile miti alipanda yeye.»

Akajibu: «Ndiyo maana anajua pa kuiba.»

Nilirudi Vulamba nikiwaza maneno yale njia yote. Na usiku nilielewa kwamba Adjudant alisema kweli, na kwamba sisi ndio tulikuwa bajinga.

6. Angalia mwenyewe. Bwana Komanda, mwenye shamba haruhusiwi kulala shambani. Mugeni anaruhusiwa saa mbili kwa juma. Lakini mufungwa anakaa mule muchana na usiku, analindwa, na hakuna mutu anayemwanga kitunga chake. Katika jamaa yetu yote, Ananie peke yake ndiye amepata kurudi nyumbani. Ni haki mutu mumoja apate na bengine bakose?

Ndiyo maana ninaomba, kwa unyenyekevu, utukamate sisi bote. Makosa tunayo. Mimi nimekula mandarine za pale tangu zilipozaa mara ya kwanza, bila karatasi. Batoto betu sita balisoma kwa matunda yale. Karte zao za shule ziko hapa kama ushuhuda. Ornella atakubali kucheka tena kama inahitajika. Mama mukwe wangu ana miaka makumi munane na moja na hawezi kutembea, lakini amekula maracuja kuliko sisi bote, na ningeona haya aachwe huru. Bénite ni mudogo kwa kasho, lakini mandarine ile ilikuwa yake, basi yeye ndiye chanzo.

Tutakuja na blanketi zetu. Basoda basisumbuke kutusukuma, njia tunaijua. Na tukisha kufungwa bote mule ndani, pengine kikosi kitaona nafasi ni ndogo, na kitakwenda kutafuta mahali pengine pa kulinda.

Ninakutakia afya, wewe na jamaa yako, kama iko mahali inapokaa kwa amani. Unisalimie baandishi ba bureau yako, na dereva wako, na Adjudant kama atakuja kukutolea raporti. Paulin nitamusalimu mwenyewe. Bote ba hapa banakusalimia, hata mama mukwe, ambaye anauliza kamyo itakuja siku gani.

Ni mimi, mwizi ambaye hajakamatwa bado,

Hulda Katungu

N.B. Barua hii ilikuwa imefungwa tayari, inangoja dereva wa Beni. Saa kumi na moja jioni Paulin na mwenzake balimuleta Ananie, bamemushika mabega. Ana homa kali, na Adjudant hakutaka mutu amufie pale. Mukono wa kuume umevimba, vidole havifungiki. Nilimuinua mimi peke yangu mpaka kitandani. Zamani hata akilala usingizi sikuweza kumugeuza.

Basi ufute namba zote. Usitukamate. Miti mubaki nayo, mandarine, avoka zilizobaki, vyote, na ubao. Siku ya yenga hatutakuja, na hatutaomba tena. Nilikuwa ninapigania miti kumbe sikujua ninachopigania. Hii ndiyo barua yangu ya kweli. Ile ya juu ubasomee bakubwa benzako bacheke.

Ananie ameomba nimusomee yote. Amesikiliza na macho yamefungwa. Anasema nimekosa adabu mahali pengi, na kwamba nikuandikie hili: mwezi wa tisa, mbele ya mvua kubwa, basoda baweke mbolea ya mbuzi, si karibu na shina, hatua moja mbali. Na kama hamujui kupima hatua, muje kumuita, atakuja.