Jenereta la Lazare

Jumamosi, 14 Agosti 2021
Saa moja asubuhi, Lazare ameshawasha jenereta lake. Kila Jumamosi nusu saa, anasema analijaribu. Ukuta wetu unatetemeka kama una homa. Jirani huyu ni Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi ghalani Minto, na anasema kwao courant, yaani umeme, inaendaka kila siku, hawezi kuiamini hata ya Sydney. Nimemwambia kupitia juu ya ua: Lazare, hapa Cabramatta umeme unaogopa kukatika, utapigwa faini. Kacheka. Kasema, Papa Stambuli, iko siku.

Fawzia, mke wangu, anasema kelele hazimsumbui. Mimi zinanisumbua kwa niaba yake. Mapafu yake yamechoka, anapumua kwa mashine ya oksijeni ya kuchomeka ukutani, mchana na usiku. Shuu, shuu. Nikisikia shuu, nalala.

Ijumaa, 20 Agosti
Nimeshinda. Juzi nilipiga simu baraza la mji, nikasema kuna jenereta linaua wagonjwa. Jina sitoi, ni siri. Ila waandike Kapteni. (Kweli melini nilikuwa nasugua masufuria, lakini kapteni mwenyewe alikuwa hali mpaka niseme.)

Leo Lazare kapata barua. Kalipakia jenereta garini, kaenda kulificha ghalani Minto. Kapita mlangoni kwangu, kaniangalia sana. Nikamuuliza kwa huruma, jamani, mchawi gani huyo.

Jumapili, 22 Agosti
Nesi kapiga simu tena. Ile fomu ya watu wa umeme iko wapi, ya kuwajulisha kwamba nyumba hii ina mgonjwa wa mashine? Nimemwambia iko njiani. Iko chini ya godoro. Nitangaze ugonjwa wa mke wangu kwa watu nisiowajua? Kijicho kinafika bila anwani, sasa mie nikipe na anwani?

Halafu Fawzia katamani udi, makaa ya chetezo yakakataa kushika. Nesi alituachia mtungi mdogo wa oksijeni wa dharura. Nikautoa uani, nikayapulizia makaa kidogo. Moto uliitika. Nyusi ya kushoto haipo. Mshale wa mtungi umeshuka nusu. Nimemwambia Fawzia nimenyoa. Kaniuliza, moja?

Jumatano, 25 Agosti
Upepo tangu alfajiri. Saa tano asubuhi mashine ikasema shu, ikanyamaza. Sijawahi kusikia nyumba kimya vile.

Redio ya betri inasema karibu nusu ya jiji haina umeme, Lidcombe mpaka kwetu, treni zimesimama, labda siku mbili. Simu haishiki mtandao. Nikamwekea mtungi. Ungetosha saa sita. Sasa tatu. Zile nyingine nimeyapa makaa.

Hospitali Fawzia hataki. Shoga yake Suad aliingia Julai na kirusi hiki cha korona, wakaagana kwenye simu. Kasema bora afe akinitazama mie, hata na nyusi moja.

Mlangoni kwa Lazare nilisimama dakika nzima, mkono juu, sijabisha. Nikabisha.

Mkewe, Chibalonza, kazi yake kulea wazee. Kaja mbio na barakoa, kamkalisha Fawzia wima, kapunguza hewa ya mtungi. Kaniuliza mbona umebaki kidogo. Nikageuka upande wenye nyusi.

Mimi na Lazare tukashika njia ya Minto. Kwa amri za korona yeye ana kibali cha kazi, mie sina, na mwisho wangu ni kilomita tano toka nyumbani. Nikamwambia tukikuta polisi aniachie, nimepita polisi wa bandari saba kwa mdomo tu. Taa za barabarani zimekufa. Kila njia panda yeye anamwita Yesu, mie nasoma Ayatul Kursi.

Polisi wakatusimamisha. Hata jina langu halikutoka. Lazare kasema maneno machache tu: mke wa huyu papa anakosa pumzi, tunafuata mashine. Askari mmoja, binti, kanitazama usoni, katuachia.

Tulipopita nikaungama. Kwamba barua ile ni mie. Lazare kasema alijua siku ileile, mtaa wote Kapteni ni mmoja. Afadhali angenitukana.

Tumerudi saa nane kasorobo. Mshale uko kwenye nyekundu, midomo ya Fawzia imegeuka rangi. Lazare kavuta kamba. Kimya. Kavuta tena. Likanguruma, na waya ukapita dirishani. Shuu, shuu.

Nimeenda chooni kulia. Nilipotoka nikasema moshi wa petroli.

Alhamisi, 26 Agosti
Giza bado. Nimekaa sakafuni, kiganja juu ya mashine. Jenereta likikohoa, na mie pumzi zinakatika. Lazare anakuja kila baada ya saa tatu kumimina petroli yake mwenyewe.

Nimeapa. Fomu nitaipeleka, uongo basi, Lazare ni ndugu yangu. Fawzia kasema miaka arobaini na moja ya ndoa, viapo vyangu anaviweka droo moja na vifungo visivyo na shati.

Jumamosi, 4 Septemba
Umeme ulirudi Ijumaa ile. Lazare katuachia jenereta uani, kajaza tangi, kaniambia Papa, liwashe kila Jumamosi, na fomu upeleke. Mtu mwema sana. Mtaani nimeshawasimulia nilivyowaamrisha polisi wafungue njia.

Jenereta lilikuwa linayumba kwenye zege. Fomu nimeikunja mara nne, nikaisukuma chini ya mguu wake. Limetulia. Kuliwasha siwashi, kelele zile nani anaziweza. Petroli nimeimimina kwenye mashine ya kukata nyasi, nikafyeka mpaka kwa Lazare, kwa shukrani. Umeme wa Sydney hauwezi kukatika mara mbili.

Upepo umeanza tena. Fawzia kauliza kama tangi limejaa. Nimemjibu, Kapteni anasahau?

Taa imepepesa, mara moja tu. Itakuwa balbu.