Wageni Wote Waelekee Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Dada anaolewa Jumamosi. Bibi, aliyetulea sisi wawili, nyonga imemlaza, hawezi safari. Ataiona harusi kwenye simu, na mtandao wa kwao hupitisha video ndogo tu. Kazi ya kurekodi nimepewa mimi. Kaka wa bwana harusi, yule mwenye kamera kubwa na maneno makubwa zaidi, amenuna. Raha iliyoje. Dada ameonya kwamba nikiboronga hatanisamehe.

Jumatano, 5 Juni

Nimemganda fundi wa kompyuta asubuhi nzima. Kumbe video haihifadhi kila picha! Inashika moja nzima, inaikata vipande vya mraba, halafu inaandika tu kila kipande kimesogea wapi. Kipande kikienda sawa na jirani yake, haiandiki upya: inasema huyu kama jirani. Mstari mzima wa watu kwa neno moja! Nikauliza, je, shela? Je, majani ya maua? Akasema hayo ndiyo mzigo, kila jani lina njia yake. Kisha akaniomba nimwache anywe chai.

Nimekaa dirishani nikitazama watu barabarani, kila mmoja na njia yake. Ubadhirifu mtupu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimezima feni, pazia lisicheze. Maua nje. Wageni nimewapanga: wote waelekee kushoto, mwendo mmoja, mikono mifukoni. Shangazi na mkongojo wake hakuweza kwenda sawa na wenzake, nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Bwana harusi alitaka kurudi kulia kuchukua pete. Nikakataa. Dakika ya nne tukafika ukutani. Keki ilibaki upande wa pili wa ukumbi. Kaka mtu alicheka hadi akakaa chini. Acheke. Faili dogo ajabu, limefika kwa Bibi kabla wageni hawajaondoka.

Jumapili, 9 Juni

Bibi amepiga simu. Amesema picha safi kabisa, hata vifungo ameviona. Ila ameuliza wote wale wanakwenda wapi, mbona wanamwacha bila hata salamu. Alikuwa analia. Nimeumia, siwezi kuficha. Dada amevaa shela upya, amemshika mumewe mkono, wamepanda basi kwenda kwa Bibi. Kaka mtu amefuatana nao, na kamera yake.

Nimebaki nikiwaza, na kosa nimeliona. Ni upande tu. Wangeelekea kulia, Bibi angeona wanakuja.

Wanarudi Jumatano. Nimeshapima sebule, na Shangazi nimemwambia asirudishe kile kiti.