Siri ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Zimebaki siku tano! Jumamosi mpwa wangu anapanda ulingoni kwa mara ya kwanza, na mimi, bondia mstaafu wa mapambano thelathini na moja, ndiye kocha wake. Mchana anachomelea mageti, jioni anatwanga begi la mazoezi. Mpinzani wake, binti mwenzake, anafundishwa na Kifutu, yule yule aliyenilaza chini raundi ya pili miaka ile. (Nilikuwa na mafua. Kila mtu nimemweleza.) Lazima nikachungulie mazoezi yao. Mke wangu kasema nitulie. Sitatulia.

Jumanne, 4 Machi
Nimeingia ukumbi wa Kifutu na ovaroli na bisibisi, fundi umeme kamili. Hakuna aliyenijua! Nikapanda ngazi, nikakodoa macho. Siri nimeipata: yule binti akirusha ngumi ya kulia, mkono wa kushoto unashuka hadi kiunoni. Uso wazi! Kwisha habari yake!

Ila alipokosea tena, nikang'ata ulimi. Akarudia. Mara nikasikia mtu anapiga kelele, "Mwanangu, pandisha kushoto!" Kumbe ni mimi. Nikashuka, nikamshika kiwiko, nikamwelekeza nusu saa nzima. Anashika haraka, mtoto wa watu. Kifutu akanishukuru sana, akaniuliza kama yale mafua yalishapona.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeungama kwa mpwa karakanani kwake. Akavua miwani ya kuchomelea. "Yaani Mjomba, umemfundisha mtu wa kunipiga?" Nikasema si hivyo. Ni hivyo. Nilidhani atafoka, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniomba nimwonyeshe yule binti anavyokinga sasa. Akanizunguka, akanitazama kama geti la kupimwa.

Jumamosi, 8 Machi
TUMESHINDA! Binti alipandisha kushoto, juu kabisa, kama nilivyomfundisha. Mbavu zikabaki nje. Mpwa wangu akazigonga raundi zote nne, huku mimi kwenye kona nikipaza sauti, "Uso! Piga uso!" Hakunisikiliza hata kidogo. Nimelia. Jasho liliniingia machoni.

Jumapili, 9 Machi
Nimemweleza mke wangu kwamba yote niliyapanga tangu Jumanne. Akaendelea kukunja nguo. Mpinzani ajaye tumeshampata, anafanya mazoezi mtaa wa pili. Kesho naenda kumchungulia. Safari hii mdomo nimeutia kufuli, ni macho tu. Ingawa nasikia anaburuza mguu wa kulia, na hana hata mtu wa kumwambia, maskini. Dakika tano tu zingemtosha.